Sauti ya Mzee Oriokot Kooni mwa Naliaka

Naliaka alipobisha mlango wa mama mkwe wake na kusema chai iko tayari, Mama Zilpa aliangusha rozari. Sauti iliyotoka kwa yule binti wa Busibwabo ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Ilikuwa sauti ya mzee Oriokot, mumewe Zilpa, waliyemzika mwaka uliopita hapa hapa Malaba.

Tangu hapo mambo yakaharibika polepole. Naliaka akawa anatetemeka kwa baridi jua likiwa utosini. Uso ukamvimba, nywele zikabaki kwenye kitana, usingizi ukawa unamchukua akichambua mboga. Nyumba nayo ikaanza kunuka pombe ya wimbi, ile ya kunywa kwa mrija aliyoipenda marehemu, ingawa hakuna aliyeipika. Wakawa wanasikia mtu akikohoa chumbani kwa Naliaka, kikohozi kirefu cha mzee, na wakifungua mlango wanamkuta mwanamke peke yake, macho nusu wazi, midomo ikicheza bila neno, na ile harufu ikiwapiga usoni mpaka wanarudi nyuma wakishikana nguo.

"Ni yeye," Mama Zilpa alinong'ona. "Amerudi."

Echodu, mume wa Naliaka, alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, mtu wa tai na simu mbili. Hakutaka kuamini. Lakini kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mkono, sembuse mmoja kukaa ndani ya mwili wa mwingine! Angelalaje naye? Aibu ilimshinda. Akamhamishia mkewe jiko la nje na kuwaambia majirani ni malaria.

Everlyne, dada yake Naliaka, ndiye aliyempeleka kliniki Busia kupimwa damu. Majibu yalipokuja, Echodu aliyasoma kwa kujiamini kwote.

"Wamepima tezi ya shingo. Hii TSH iko juu sana. Juu, mama! Hiyo tezi iko na nguvu kupita kiasi. Huo si ugonjwa wa kulala lala."

"Basi ni baba yako."

Wakaleta mganga kutoka ng'ambo ya mpaka. Akamfukiza Naliaka moshi wa majani mpaka akazimia. Everlyne alipomkuta hivyo alilia kwa hasira, akamburuta Echodu hadi kwa Daktari Mugeni wa ile kliniki.

"Boss, wewe ni mtu wa Malaba," daktari alisema. "Lori ikipiga honi kwa geti bila kuacha, maana yake ni nini?"

"Askari wa geti amelala."

"Sasa TSH ndiyo honi. Ubongo unaipigia tezi, na iko juu kwa sababu tezi imelala. Angalia hii T4, ndiyo kazi ya tezi yenyewe. Iko chini. Ndiyo sababu ya baridi, uvimbe, usingizi. Hata hiyo sauti nzito."

"Na sisi tulimfukiza moshi," Echodu alisema, akitazama viatu vyake. Alitamani ardhi impasukie.

Naliaka alianza tembe, moja kila asubuhi kabla ya chai. Miezi ikapita, TSH ikashuka, T4 ikapanda, na sauti yake nyembamba ikarudi. Echodu alipiga magoti mbele yake, akaomba msamaha.

"Nimekusikia," alimwambia mumewe. "Lakini bado nanusa ule moshi."

Jioni hiyo Echodu alimwendea mama yake barazani.

"Mama, wewe pia umwombe msamaha. Tulimtesa mgonjwa."

Mama Zilpa alijifunika uso kwa leso.

"Hiyo tezi inajua jina langu?"

"Jina gani?"

"Baba yako alikuwa na jina la kuniita tukiwa wawili kitandani. Sijawahi kuambia mtu. Mke wako alipokuwa mgonjwa aliniita hilo jina. Nilishikwa na haya, ningewaambia nini?"

Echodu alihisi uso ukimwaka moto.

"Pengine ulisikia vibaya, mama. Na sasa amepona. Hakuiti tena."

"Yeye, hapana." Mama Zilpa alisogeza kiti chake kando, mbali na mwanawe, bila kumtazama. "Leo mchana ulisinzia hapa. Nilikuletea maji. Wewe ndiye uliniita."

Echodu alitaka kumjibu, lakini aliogopa sauti itakayotoka.