Kadi ya Mlango Uliofungwa

Nilikuwa namwonea wivu jirani yangu. Nasema wazi, kuficha hakunisaidii.

Mimi ni fundi cherehani. Wakati ule wa gonjwa la korona nilishona barakoa sebuleni, kutwa nzima. Binti yangu ana miaka tisa na ana usonji. Maneno yake ni machache. Tunamwita Kengele, kwa sababu shuleni yeye ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya asubuhi.

Shule ilipofungwa, sikujua nimwambie nini. Kila asubuhi alivaa sare, akabeba mkoba, akasimama mlangoni.

"Shule," alisema.

"Kesho, mwanangu," nilimjibu.

Kesho ikafika, akasimama tena. Nikasema kesho tena. Ikifika saa nne anapiga kelele na kujing'ata mkono hadi unavimba. Mimi nami nafoka. Siku moja nilimwinulia rula ya kupimia. Niliishusha, lakini alikuwa ameshaiona.

Upande wa pili wa ukuta anaishi huyo jirani, mpishi wa shule. Mwanawe anasoma darasa moja na Kengele, naye ana usonji. Kwao kimya. Wakati mwingine nilisikia kicheko. Kicheko, jamani, na mimi huku sina hata nafasi ya kuchana nywele. Roho iliniuma. Nikajiambia, huyu anafahamiana na walimu, lazima kapewa dawa, na sisi wengine katunyima.

Basi nikanunua dawa ya kikohozi, ile inayoleta usingizi. Kengele hakuwa na kikohozi. Nilitaka alale tu, nishone. Nikashika kijiko, mkono ukasita. Nikaenda na mtoto na chupa hadi kwa jirani, nikagonga mlango kama askari.

"Wako unampa dawa gani?"

"Dada, hata hodi?" alisema. "Vuta barakoa ifunike pua, halafu niulize."

Nikamwonyesha chupa. Uso wake ukabadilika.

"Usimpe. Dawa ya kikohozi si ya kumlaza mtoto. Inaweza kumdhuru hata ashindwe kupumua. Kama anahitaji dawa, daktari ndiye atakayesema. Wangu simpi yoyote."

"Mbona katulia?"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Akaufungua mlango wote. Ukutani palikuwa na kamba, na kadi za boksi zenye picha zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Kadi ya chai. Ya kuruka. Ya kupanga vifuniko vya chupa. Ya kwanza ilikuwa mlango wa shule wenye kufuli.

"Hii nilimwonyesha siku ya kwanza," alisema. "Nikamwambia shule imefungwa, sijui itafunguliwa lini. Alilia siku tatu. Lakini sikumwambia kesho."

"Nani kakwambia habari za kesho?"

"Ukuta wetu mwembamba. Watoto wetu hushika neno, dada. Ukisema kesho, anangoja kesho. Mwambie kweli, kisha mwonyeshe kinachofuata. Kikiisha, ageuze kadi mwenyewe."

"Na wewe huchoki?"

"Nalia bafuni kila siku. Nafungulia maji nisisikike. Tena nakuonea wivu. Wako anakuita mama. Wangu hajawahi kuniita."

Nilidhani wivu ni wangu peke yangu.

Chupa niliirudisha duka la dawa. Nikakata boksi, nikachora mlango na kufuli. Kufuli langu lilifanana na kiazi.

"Shule imefungwa," nilimwambia Kengele. "Sijui itafunguliwa lini."

Alilia siku nne. Siku ya tano hakuvaa sare. Alikunywa chai, akageuza kadi, akaanza kupanga vifungo vyangu kwa rangi. Kelele hazikuisha zote, lakini mkono wake ulipona.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa nashona, alikuja na kadi aliyoichora mwenyewe. Mtu amelala, na cherehani imefunikwa kitambaa. Akaibana kwenye kamba, akanivuta mkono.

"Mama lala."

Nikalala. Sikumaliza hata dakika kumi, nikasikia maji yakifunguliwa bafuni kwa jirani. Nikainuka, nikamwomba Kengele kadi yake, tukaenda.

Safari hii nilipiga hodi. Alipofungua, macho mekundu, nikampa ile kadi.

"Kalale," nilisema. "Watoto wote wawili nitakaa nao mimi uani, saa nzima. Kesho zamu yangu kulala."

Na hiyo kesho ilifika kweli.