Picha ya Mwaka wa Tatu

Dalili ya kwanza kwamba mambo yamekwenda kombo ilikuja na furaha: mama alimtambua binti yake. Miaka miwili alikuwa akimwamkia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, na asubuhi hiyo, kikombe mkononi, akamwambia, "Fundi wa Vichwa, mbona umekonda hivyo?" Hilo ni jina la utani alilopewa na kaka yake kwa ajili ya kazi yake. Kaka akalia waziwazi. Daktari alishawaambia ugonjwa ule wa kusahau haurudi nyuma, lakini nani alitaka kukumbushwa? Wakatia pamba masikioni.

Kazi ya binti ilikuwa kusafisha kwa kompyuta picha za ubongo za utafiti ambao wazee hupigwa picha kila mwaka ili zilinganishwe. Alizinyoosha zikae sawa, kisha akaiamuru kompyuta ikate fuvu, masikio na kila kisicho ubongo. Mama alikuwa mmoja wa wazee hao, na picha zake alizisafisha mwenyewe, ingawa ilikatazwa.

Siku hiyo alifikia ya mwaka wa tatu. Kompyuta ikakata fuvu, ikaendelea kukata, ikabakiza weusi mtupu. Akajaribu ya mzee mwingine, ikatoka vizuri. Ya mama ikatoka tupu tena.

Basi akafungua picha mbichi, zile ambazo hazijakatwa kitu na ambazo hakuna anayejisumbua kuzitazama. Mwaka wa kwanza palikuwa na ukungu karibu na bega. Aliukumbuka, aliukata akidhani mama alitikisika. Mwaka wa pili ukungu ulikuwa umegusa sikio, naye akaukata vilevile, na mwaka wa tatu nje ya kichwa palikuwa safi, ukungu wote umeshaingia ndani, ila ofisi nzima ilikuwa imeanza kunuka udongo uliolowa, harufu ikimpanda kutoka miguuni hadi kooni huku simu ikiita, ikiita, na aliyepiga ni mama.

"Umeshaona," ilisema sauti ya mama, polepole.

Akanong'ona kuuliza mama yake yuko wapi.

"Yumo humu ndani. Ukitaka nitoke, nitatoka. Lakini yeye hakujui, mwanangu. Mimi nakujua."

Binti aliogopa. Akamfikiria yule mwanamke aliyekuwa akimuuliza kila asubuhi yeye ni nani, na anatafuta nini nyumbani kwake. Akaibana simu sikioni, akauliza jioni watapika nini.