Kitasa cha Zamani ni cha Fundi

Pelagia alishuka kwenye gari lake kwa kupitia dirishani. Alitanguliza mguu, akakusanya kitenge, akaning'inia kidogo mlangoni, mama mzima mwenye mwili wake na heshima zake kanisani, halafu akadondoka kwenye matope ya gereji. Abiria wake walikuwa wameshafungua mlango wa upande wao na kuondoka zao kwenda sokoni Kibondo bila shida yoyote.

Leonidasi, fundi magari, alimwona kutokea uvunguni mwa Land Rover ya shirika fulani la misaada. Siku nyingine angecheka mpaka jasho limtoke. Mwaka ule hakuwa na nguvu ya kucheka. Tangu watu waanze kumiminika kutoka Burundi na makambi kufurika, magari mabovu yalikuwa hayakatiki gerejini, na mgongo wake ulichoka hata usingizini, maana huko nako aliota anakaza nati.

"Mwakeye, fundi," Pelagia alisalimia kwa Kiha huku akijifuta tope. "Nataka vitasa vipya. Milango yote miwili. Na viwe na funguo."

"Mama, hapo ulimi wa kitasa umelika tu. Nikiupiga tupa kidogo..."

"Sitaki tupa! Abiria wanashuka, vikapu vyao vinashuka. Nikigusa mimi mwenye gari, mlango unagoma. Juzi mwanangu nimemtolea dirishani kama gunia." Akashusha sauti. "Yule mtu wa Ujiji aliyeniuzia alisema gari hili halihitaji funguo, eti lina mlinzi wake. Nikamwambia mimi nimeokoka, mlinzi wangu ni Yesu. Sasa ng'oa hayo makorokoro yake, uweke vitu vya maana."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Peugeot 404, ile ambayo watu wa huku waliiita Pijo tu, rangi ya krimu, bodi nzima kuliko magari yaliyozaliwa miaka ishirini baadaye. Leonidasi aliyapenda magari ya namna hiyo, kwa jinsi mtu aliyechoka anavyoweza kupenda kitu. Alianza na bawaba, kwa sababu mlango ulioinama haufungwi na kitasa chochote, hata uweke cha benki. Akaufumua ubao wa ndani, akang'oa vitasa vya zamani, akaleta vya Toyota iliyokuwa imekufa nyuma ya gereji. Matundu hayakulingana hata moja. Akakata bati kwa msumeno, akachomelea kiraka, akapiga tupa, akafunga, akafungua, akapiga tupa tena. Jioni mlango ukawa unaitika kwa kidole kimoja.

Pelagia alipanda, akafunga, akafungua, akashuka kwa miguu yake kama binadamu. Akaimba pambio pale pale gerejini, akaondoka akizungusha funguo kidoleni.

Kwa mafundi wa Kibondo kuna jambo ambalo hakuna anayeliuliza: kifaa kipya ni cha mwenye gari, kilichotoka ni cha fundi. Leonidasi alivigeuzageuza vile vitasa viwili vya zamani. Cha upande wa abiria kilikuwa kimekwisha, akakitupa kwenye vyuma chakavu. Cha upande wa dereva kilikuwa kizito na kizuri, ila kwenye springi yake mtu alikuwa ameviringisha uzi mwekundu, mzunguko juu ya mzunguko, ukiwa umelowa grisi. Alijua mafundi wengi hufunga uzi ili springi isipige kelele. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo. Akauacha uzi wa watu ulipo, akakipeleka kitasa nyumbani, akakifunga kwenye mlango wake ambao mpaka siku ile ulikuwa unafungwa kwa waya, na wezi walikuwa wameshabeba kuku wote.

"Leo na sisi tuna mlango," alisema Esteri, mkewe, akaufunga na kuufungua kwa furaha. Jeanne, binti yao pekee, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, alitaka naye ajaribu.

Harufu ilianza kwanza. Udi, ndani ya nyumba ya watu ambao hawajawahi kuchoma udi maishani mwao, na chini ya udi kitu kama grisi iliyochacha. Leonidasi alisema ni nguo zake za kazi. Kisha jioni moja wakiwa wanakula ugali wa muhogo, kitasa kikalia, tak, na baada ya muda kidogo kikalia tena.

"Baba Jeanne," Esteri alinong'ona, "kuna mtu anajaribu mlango."

"Nani yuko nje saa hizi?"

"Siyo nje." Mkono wake ulikuwa umeganda na tonge. "Anajaribu kwa ndani."

Waliutazama mlango ule wakiwa wote watatu wameketi mkekani, na kitasa kikajinyanyua kidogo, kikashuka, tak, taratibu, kwa namna ambayo mlinzi wa ghala hutikisa kufuli kuhakikisha kwamba limekaza.

Baada ya hapo mlango ukaanza kuchagua. Ungo wa kuazima ulitoka kurudi kwa jirani bila taabu. Debe la maharage yao wenyewe likagoma, mpaka Esteri akavuta kwa miguu na mikono. Kila asubuhi Leonidasi alichelewa kidogo zaidi kutoka kwenda kazini, akimwaga oili kitasani, akisema mvua imevimbisha mbao. Angemkumbuka Pelagia na dirisha lake, angejua. Lakini uchovu hula akili kabla haujala mwili, na yeye ulikuwa umeshafika kwenye mwili.

Kulipokucha siku ya mvua kubwa, Jeanne alikuwa anachemka kwa homa na macho yake yamegeuka meupe. Esteri alimbeba mgongoni, akakimbilia mlango, na mlango haukutikisika.

Leonidasi alichukua bisibisi. Skrubu hazikuzunguka, kana kwamba zimechomelewa. Aliligeukia dirisha, na dirisha lilikuwa na nondo alizozifunga mwenyewe kwa ajili ya wezi wale wale. Akapiga kelele, majirani wakaja na majembe, wakaanza kubomoa ukuta wa nyuma, na jembe la kwanza lilipoingia kwenye tofali bichi Jeanne alipiga yowe na kujikunja mgongoni kwa mama yake, na la pili lilipoingia alama nyekundu ikajichora begani pake mbele ya macho yao, ndefu, upana wa jembe, ikabidi Esteri awasihi watu wa nje kwa sauti iliyokauka waache, waache jamani, mnamuua. Kimya kikaingia, mvua tu juu ya bati, na ndani ya kimya kile, kutoka kwenye chuma cha kitasa, ikatoka sauti ya unyenyekevu mkubwa, sauti ya mtumishi anayetoa taarifa kwa mkubwa wake.

"Vyote vimo, bwana. Vyote vimo."

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema Esteri, akakaa chini.

Habari ilimfikia Pelagia sokoni. Sifa zake apewe: pamoja na wokovu wake wote, aliliwasha Pijo akaenda kumchukua Ndihokubwayo, mzee wa kutoa majini, ambaye Pelagia mwenyewe alikuwa akimsema vibaya kila Jumapili. Mzee alikuja na mafua yake, akainama kwenye ufa wa mlango.

"Fundi. Hicho kitasa ulipewa, au?"

"Ni haki yangu. Cha zamani ni cha fundi."

"Basi bwana wake ni wewe." Mzee alipenga kamasi. "Lililomo halina ugomvi na wewe. Jini hilo lilifungwa kwa kazi moja tu, cha bwana wake kisitoke. Halijui kuumwa wala kupona. Linajua chako na kisicho chako."

"Lifukuze, mzee! Mtoto anakufa!"

"Mimi siyo niliyeliajiri. Nisikilize vizuri. Cha mwingine haliwezi kukizuia. Mkane mtoto. Mkane na mama yake, kisha nyumba, na kila kilichomo. Likikosa cha kulinda, skrubu zitalegea. Lakini ukishakana usirudishe neno. Siku utakayomwita wako, hata ukiwa na usingizi, hata kwa utani, litarudi kazini pale pale mtoto alipo. Na safari hiyo halitafungua."

Leonidasi aliona aibu ya kutazama upande walikokaa. Alianza kusali, akasahau maneno. Nyuma yake pumzi za Jeanne zilikuwa zimekuwa fupi sana.

"Sema," alisema Esteri.

"Esteri..."

"Sema, sisi tutajua. Sema upesi."

Akauelekea mlango. "Huyu mtoto si wangu," alisema.

Kitasa kilitetemeka, kikatulia. Kilikuwa kinasubiri. Jeanne alikuwa amefumbua macho, macho yake ya kawaida, anamtazama baba yake juu ya bega la mama, na Leonidasi akaelewa kwamba neno halitapita nusu nusu, kwamba lazima lisemwe kama linavyosemwa na mtu ambaye kweli hana mtoto, na akalisema hivyo, kwa sauti kavu, akasema simjui baba yake, simlishi, sikumzaa, akiugua hainihusu, akifa sitamlilia, na huyu mwanamke naye si mke wangu, nimewakuta humu, waende zao.

Ulimi wa kitasa ukarudi ndani. Mlango ukafunguka wenyewe, na mvua ikaingia. Esteri alipita bila kugeuka, akapanda Pijo la Pelagia, likaondoka likiteleza kuelekea hospitali.

Mlango ulijifunga. Leonidasi alibaki akikana kitanda, sufuria, mkeka, bati la juu, mpaka tupa na spana zake alizozinunua ujanani. Alipomaliza, skrubu zilitoka kwa kucha. Ndihokubwayo alikifunga kitasa kwenye jani la mgomba, akaenda kukizamisha mto Malagarasi, na nyumba ile haikukaliwa tena na mtu.

Jeanne alipona. Esteri alihamia naye Kasulu kwa dada yake, Rosa, kwa sababu Kibondo watu walizoea kumwita Mama Jeanne na mwenzake Baba Jeanne, na kulikuwa na hatari katika kusalimiana tu. Leonidasi aliendelea kulala gerejini, ndani ya gari lolote lililokuwa likisubiri vipuri.

Kiangazi kilipoingia alipanda lori la mahindi kwenda Kasulu. Alibeba sukari na gauni la njano. Rosa alimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, akampa kiti uani. Esteri alimletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, akakaa mbali, na wakazungumza habari za mvua na barabara. Alikuwa amekonda. Leonidasi alitamani kumuuliza kama anakula, akaona hilo nalo ni swali la mume, akanywa maji.

Jeanne alikuja mbio kutoka kwa jirani, meno mapya yameshachomoza. Alisimama ghafla. Alimtazama fundi, akautazama mlango wa nyumba, akamtazama tena fundi. Kisha akasogea mpaka karibu na sikio lake, akaweka mkono mdomoni ili neno lisipotee pembeni.

"Nimewaambia watu wote wa huku kwamba baba yangu alikufa," alinong'ona. "Nimefanya vizuri?"

Alinukia sabuni na moshi wa kuni. Leonidasi aliibana mikono yake katikati ya magoti.

"Umefanya vizuri," alisema.

Mtoto akatabasamu, akachukua gauni lake, akasema asante mzee, akarudi kucheza.