Nyota ya Bibi Nesi

Kila alasiri Kwanini alikuwa na kazi yake: kuokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani ya mama yake, kutenga vikubwa na vidogo, kisha kufagia nyuzi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye madaftari ya shule tu. Mtaani kote aliitwa Kwanini, maana hakuna kitu alichokiona akakiacha kipite bila kuuliza. Kwa nini sindano ya cherehani ina tundu kwenye ncha? Kwa nini gundi hainati ndani ya chupa yake?

"Mwanangu," mama alimwambia siku moja, "hata cherehani hupumzika. Mdomo wako wewe hupumzika lini?"

Likizo ya Desemba ilipoanza, Kwanini alileta swali jingine. "Mama, mapambo ya Krismasi tutanunua lini?"

Mama aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Mwaka huu hatununui. Cherehani iliharibika, na fundi hakuitengeneza bure. Tutatengeneza mapambo wenyewe, kwa vitu vilivyomo humu ndani."

"Tutatengenezaje?"

"Hilo ndilo la kutafuta."

Mdogo wake wa miaka sita alinuna, lakini Kwanini macho yalimng'aa. Wiki ile sebule iligeuka karakana. Walikata kalenda ya zamani vipande vyembamba, wakavipitisha kimoja ndani ya kingine hadi wakapata mnyororo wa karatasi uliozunguka kuta zote nne. Mama alipika gundi ya unga wa ngano. Mdogo wake akaionja akidhani ni uji, akakunja uso mpaka wote wakashika mbavu kwa kicheko. Vitambaa vilivyookotwa sakafuni wakavishona kuwa ndege, wakawajaza nyuzi matumboni.

Ilibaki nyota. Nyota nzuri kuliko zote mtaani ilikuwa ya jirani yao, mwuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Bibi Nesi. Kila Krismasi aliitundika dirishani: nyota nyeupe ya karatasi ngumu, yenye miale minane, kila mwale kama kofia ndogo iliyochongoka. Halikuonekana tone la gundi wala mshono wowote. Sasa ilishikana na nini? Swali hilo lilimpeleka Kwanini hadi mlangoni kwa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na maswali mangapi?"

"Moja tu. Nyota yako imeshikanishwa na nini?"

Bibi Nesi alicheka. "Hata mimi sijui. Nilipewa zawadi nikiwa kazini, zamani hizo. Ichukue ukaitazame utakavyo, uniletee Ijumaa. Ila usiifungue."

"Sitaifungua, bibi."

Na kweli hakuwa na nia ya kuifungua. Siku ya kwanza aliupima mwale mmoja kwa rula, akauchora kwenye daftari, kisha akakata maboksi meupe mpaka akapata miale yake minane. Ilifanana na ile ya bibi kama mapacha. Kasheshe ilianza alipojaribu kuiunganisha. Alipaka gundi, miale ikalowa na kulegea. Akangoja ikauke, akapaka tena, mmoja ukasimama na mitatu ikaanguka. Siku ya pili mambo yalikuwa yaleyale.

Siku ya tatu, mama alikuwa ametoka kununua nyuzi na mdogo wake alikuwa akicheza uani. Kwanini aliutazama wembe ambao mama hufumulia mishono. "Nitainua ukingo mmoja tu," alijiambia. "Nichungulie, kisha nirudishe."

Akauinua. Kitu kikakatika ndani, tap! Miale yote minane ikalegea na kusambaa mezani.

Katikati kilibaki kifungo cha shati chenye uzi uliokatika. Kumbe siri ilikuwa hiyo! Uzi ulipita chini ya kila mwale, ukaingia kwenye tundu la kifungo na kutoka tena, ukivuta miale yote pamoja. Kwanini alitaka kuruka kwa furaha, kisha akatazama meza. Nyota ya watu ilikuwa imelala mbele yake, vipande vipande.

Alipokuwa akivikusanya, aliona maandishi ya bluu ndani ya mwale mmoja: "Tikisa kabla ya kutumia." Ndani ya mwingine: "Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku."

Maelezo ya dawa, ndani ya nyota ya Krismasi? Kwa nini?

Alivitia vipande ndani ya boksi na kulisukuma chini ya kitanda. Kisha akachukua kifungo kingine, akapitisha uzi kwenye miale yake mwenyewe jinsi alivyoona, akavuta. Nyota ikasimama, safi kabisa. Akaitundika ukutani. Ndipo wazo baya lilipomjia: akimpelekea bibi hii, nani atajua?

Ijumaa asubuhi Bibi Nesi alifika mwenyewe, akiwa na gauni la kupunguzwa pindo. Hakuwa hata ameketi alipoiona nyota.

"Hiyo hapo nyota yangu! Naona imetunzwa."

Mama naye, aliyeona nyota moja tu tangu jana, alidhani ndiyo ile ya kuazima.

"Vipi, ulipata jibu lako?" Bibi Nesi alimwuliza Kwanini.

Kwanini aliitazama nyota ukutani. Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha. Lakini kulikuwa na swali lililomkaa kooni tangu jana. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kulijibu, na hakukuwa na njia ya kumwuliza bila kusema alichofanya.

"Bibi," alisema polepole, "hiyo si yako. Hiyo nimetengeneza mimi. Yako... niliifungua."

Mama akasimamisha cherehani. Kwanini alikwenda chumbani, akarudi na boksi, akaliweka mezani mbele ya Bibi Nesi.

"Uliahidi nini?" mama aliuliza.

"Kutoifungua."

"Halafu?"

"Nikaifungua. Nikaificha. Halafu nilitaka kumrudishia yangu, ili asijue. Nisamehe, bibi."

Bibi Nesi alifungua boksi. Aliokota mwale mmoja, akavaa miwani, akasoma. Akaokota wa pili. Mabega yakaanza kumtikisika, na Kwanini hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili.

"Wodini kwangu alilazwa fundi viatu aliyevunjika mguu," alisema akijifuta macho. "Wiki saba kitandani! Kila asubuhi aliniomba maboksi matupu ya dawa. Nikimwuliza ya nini, ananijibu, 'Utaona, nesi.' Siku ya Krismasi akanipa nyota hii. Mimi nikadhani amemtuma mtu dukani. Nikamgombeza kwa kutumia fedha hovyo naye ni mgonjwa! Alitabasamu tu. Kumbe alikuwa ameyageuza maboksi yangu ndani nje. Miaka yote hii sikujua."

Mama alileta sindano na uzi imara, akampa Kwanini. "Umefumua wewe, utashona wewe."

Wakaketi watatu kuzunguka meza. Bibi Nesi akashika miale, Kwanini akapitisha uzi kwenye kifungo kilekile. Walipofika kwenye mwale wa mwisho, Bibi Nesi alimshika mkono.

"Huu ugeuze. Sasa nataka maandishi yaonekane."

Kisha akamtazama usoni. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuuliza usiache kamwe. Lakini nyota ilikuwa mali yangu, na ulinipa neno lako. Ungeniambia, 'Bibi, nimeshindwa, naomba tuifungue,' tungeifungua pamoja. Na kama ungenyamaza leo, ningekwenda zangu na nyota isiyo yangu, nisijue yule mgonjwa alinifanyia nini. Usidhani ni wembe ulionipa habari hii. Ni ule ukweli wako."

"Ndiyo, bibi," alisema Kwanini. Akauvuta uzi taratibu, na miale yote minane ikasimama kwa pamoja.