Kanyaga, Achia

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Saa tatu asubuhi, jua limetulia, nguo zimeanikwa kambani. Mtu akikwambia mambo ya kutisha yanasubiri giza, mlete kwangu. Jirani yetu, fundi wa vyerehani, yalimkuta mchana kweupe, nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake, mikono imejaa masizi.

Kaka mtu tulikuwa tukimwita Kobe. Si kwa ubaya. Aliendesha gari taratibu mpaka wa baiskeli wanampigia kengele apishe. Basi Kobe huyohuyo, miezi tisa nyuma, aliteremka barabara ya kiwandani kama mwenye wazimu, akaacha njia, mti ukaingia mlangoni kwake. Alikufa palepale. Mkaguzi akaangalia breki, akazikuta nzima, akaandika: mwendo kasi. Mtaa nao haukukosa la kusema. Wengine walidai alikuwa amelewa chakari. Wengine, alikuwa anamkimbilia kimada. Fundi aliyasikia yote hayo, akafunga mdomo.

Mjane alilipeleka gari kwa mnyoosha bodi, likarudi na mlango mpya. Lakini injini ilikuwa inatetemeka.

"Shemeji," alimwambia fundi, "nikisimama tu, inazimika. Si mlikuwa mnaisafisha nyie wawili? Jumatatu nataka niende nalo kazini."

Fundi akaja na spana, bisibisi, mswaki wa zamani na kopo la dawa ya kupuliza. Na kwenye mfuko wa shati, ndani ya karatasi, alikuwa na springi mpya. Hiyo hakumwonyesha mtu.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo roho yake ilipokuwa inachomeka. Injini huvuta hewa kupitia bomba fupi la chuma, mafundi huliita throto. Ndani yake mna kisahani. Ukikanyaga pedali, waya unakivuta, kinafunguka. Ukiachia, springi inakirudisha. Sasa, mara ya mwisho walipoisafisha, springi ile ilimkatikia fundi mkononi. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Akapekua sanduku lake, akaweka springi ya cherehani. Springi ni springi, alijiambia. Hakumwambia Kobe, maana Kobe angegoma kabisa kuliendesha. Kesho nitanunua ya kweli. Kesho yake akasahau. Alhamisi Kobe akafa.

Mjane alilitoa gari bandani mwenyewe. Ni mfupi yule mama, anakalia mto na kuvuta kiti mbele mpaka kifua kinakaribia usukani.

"Kaka yako angekuwepo!" alisema akishuka, akicheka kidogo. "Angekisukuma kiti mpaka mwisho, mto wangu autupe nyuma. 'Gari hili la watu au la sungura?' Kila siku ugomvi huohuo."

Fundi akacheka naye. Akafungua boneti apate pa kujificha uso.

Mjane hakuondoka. Alisimama pembeni anakunjakunja ncha ya khanga.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema polepole. "Hata chai hakunywa. Nilimtolea maneno mabaya, shemeji. Akaondoka na hasira zake. Nadhani mimi ndiye niliyemuua."

Hapo palikuwa pa kusema. Jamani, hapo hasa! Fundi aliinamia injini akafungua nati ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

"Usiseme hivyo," alijibu. Basi, hayo tu. Mama wa watu akaingia ndani.

Alipofungua lile bomba, springi ya cherehani alikuta bado ipo. Imelegea, imetanuka, ndoano yake imepinda. Akaichomoa, akaitia mfuko wa suruali aende akaitupe chooni. Akafunga mpya. Moyo ukamwambia, umekwisha huo ushahidi. Aibu ikamshika hapohapo, lakini mikono haikusimama. Akapuliza dawa, akasugua. Maji yalitoka meusi, yakatoka kahawia, yakaanza kutoka safi.

Kisahani kikafunguka.

Taratibu, mpaka mwisho. Fundi alitoa mswaki akakitazama. Hakuwa amegusa kitu. Waya ulikuwa umekazika, unavutwa kutoka ndani ya gari.

Kikajifunga. Kikafunguka tena.

Lazima mjue, ndugu hawa walikuwa na utaratibu wao. Kobe hukaa kwenye usukani, mdogo wake huinamia injini. "Kanyaga!" Kisahani kinafunguka. "Achia!" Kinajifunga, na Kobe anajibu kwa sauti kubwa, "Nimeachia, bosi!" Miaka mingi hivyohivyo.

Fundi akainua macho kwenye kioo cha mbele. Jua lilikuwa limekipiga. Aliona kamba ya nguo tu na anga.

"Achia," alinong'ona. Mazoea yalimponyoka.

Kisahani kikajifunga.

Alirudisha bomba haraka haraka, bisibisi ikimchoma vidole. Nimalize niondoke, alijiambia. Akafungua mlango wa dereva, akasimama nje, akanyoosha mkono tu akawasha. Mto ulikuwa juu ya kiti. Kiti kilikuwa mbele. Aliviona, na baadaye aliapa kwamba aliviona. Injini ikanguruma vizuri, imetulia. Akafunga mlango, akarudi kuangalia.

Injini ikapiga kelele.

"Achia," alisema.

Ikazidi.

"Achia, kaka."

Ikazidi. Springi mpya ilikuwa imevutika hadi mwisho, inatetemeka. Alitakiwa aende azime. Ni hatua tatu tu. Hakuweza kuufungua ule mlango.

Mjane akatoka mbio, mikono ina povu la sabuni. Akamwona shemeji yake amesimama mbele ya gari, mikono mitupu. Akatazama kule kwenye usukani, akaona jua tu kiooni.

"Shemeji," aliuliza, sauti imeshuka. "Nani anakanyaga?"

Uongo ulikuwa tayari: waya umenasa. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Injini ikapanda zaidi, boneti yote ikatetemeka. Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa springi ya zamani, akaiweka kwenye kiganja cha mjane chenye povu.

"Hukumuua wewe," alisema. "Ni mimi. Ile ya gari ilinikatikia, nikaweka ya cherehani. Sikumwambia. Aliinua mguu, gari likaendelea kwenda. Hakuwa mlevi. Hakuwa na hasira na wewe. Alikuwa anaendesha taratibu kama siku zote. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nisamehe... hapana, usinisamehe."

Injini ikashuka. Ikatulia, ikawa laini.

Mjane aliitazama ile springi. Kitu kidogo, hakifiki hata kidole.

"Miezi tisa," alisema. "Miezi tisa unakula mezani kwangu, unanisikia nikilia."

Hakumpiga, hakumtukana. Alimpita akaenda kuzima gari. Akafungua mlango. Akasimama.

"Wewe ulikaa humu?"

"Sijakaa. Niliwasha nikiwa nje."

"Njoo uone."

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli. Mto ulikuwa kwenye siti ya nyuma, umelala upande, kama uliotupwa na mtu anayelalamika.

Mjane aliingia akakaa vilevile, miguu yake haikufika kwenye pedali. Hapo ndipo alipolia. Fundi alisimama nje na masizi yake mpaka alipomaliza.

Jioni hiyo walipita nyumba kwa nyumba, mama mbele, springi mkononi. Kila mlango alimwambia fundi, "Sema." Na fundi alisema. Kwetu pia walifika. Nilishindwa kumtazama mjane usoni, maana na mimi nilikuwa nimesema Kobe alikuwa mlevi.

Gari bado lipo. Mnyoosha bodi amekuja mara mbili, amepaka grisi, amebadilisha reli. Kiti hakisogei mbele hata kidole kimoja.