Tumbo la Kapteni

— Tumbo tena?

— Linakata, mke wangu. Wewe nenda na wenzako ukaone mji. Mimi nilale kidogo.

Bandari ya tatu hii! Meli ikiwa baharini, mtu anafagia sahani mbili mbili. Ikifunga kamba tu, tumbo. Mke huyo, msusi wa nywele, akamtazama mumewe, akaguna, akashuka na kundi la watalii.

Mume huyo ni fundi rangi, lakini mkewe humwita Kapteni. Wakati wa uchumba alijisifu kweli: "Maji na mimi ni ndugu. Chombo kikizama, nakubeba mgongoni!" Naye msusi, aliyekua akivuka mto kwa kuogelea, akalegeza sauti: "Mwenzio naogopa hata maji ya beseni." Basi ashikwe mkono tu. Mapenzi nayo!

Mwongozaji akawapandisha juu ya mnara wa saa. Wenzake wakapiga picha za mapaa. Msusi alipochungulia chini, macho yakamtoka. Kapteni huyo, anakata mitaa na mwalimu wa mazoezi wa melini, binti mwenye miguu mirefu!

Akaandika haraka: "Tumbo vipi?"

Kule chini Kapteni akasimama, akabonyeza simu.

"Bado. Nimejifunika shuka. Nakupenda."

Msusi akampigia dada yake.

— Dada, nimeibiwa mume kwenye fungate!

— Umewafumania?

— Nawaona kwa macho yangu!

— Kuona mtu barabarani siyo kufumania. Wafuate kwanza, kelele baadaye.

— Nikikuta ninachokifikiria, leo leo narudi nyumbani. Ndoa basi!

Akashuka mnara mbio, akawafuata hadi hoteli moja, akazunguka nyuma. Sauti ya binti ikamfikia:

— Nishike vizuri! Usiogope!

Msusi akasukuma mlango. Kapteni alikuwa bwawani, maji kifuani, maboya ya watoto mikononi, mwalimu kamng'ang'ania mgongoni.

— Kumbe tumbo siku hizi linatibiwa mgongoni?

Mwalimu akateleza majini. Kapteni akajaribu kuficha maboya nyuma.

— Mke wangu… sijui kuogelea.

— Nini?

— Nilidanganya. Tangu tupande meli silali. Wewe na woga wako wote, ukianguka mle nitakuokoaje? Melini ungeniona, ndiyo maana nikamwomba mwalimu anifundishe huku kuogelea na kubeba mtu.

Hasira ikamwishia njiani. Alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Akavua viatu, akaingia na gauni lake.

— Haya, nibebe na mimi.

Kapteni akambeba, kifua mbele. Hatua, hatua nyingine, mara akakosa pa kukanyaga. Wote chubwi! Kabla mwalimu hajawafikia, msusi alishamkamata mumewe kwapani, akapiga maji kwa mkono mmoja mpaka ukingoni.

Kapteni akakohoa weee, kisha akamkodolea macho.

— Wewe! Si unaogopa maji?

— Nani, mimi?

— Na kule melini, kila wimbi unanikaba mkono?

— Nilikuwa naupenda huo mkono.

Mwalimu akageukia ukuta kuficha kicheko. Simu ya msusi ikalia juu ya viatu vyake.

— Enhe, umewakuta? Nije kukupokea?

— Dada, usije. Mume wangu anaumwa.

— Anaumwa nini?

Msusi akautazama mkono wa Kapteni, bado una boya, umemshika hautaki kumwachia.

— Tumbo. Limeshapona.