Chumvi Juu ya Barafu

Mahdi alimwomba Mungu mwizi awe Laban.

Yamaha yake iliila lami ya kutoka Kilifi kwenda Malindi. Mbele, Peugeot 404 ya Laban ilikuwa mbioni. Redio ya Motorola ikakwaruza kifuani.

"Kaa Jiwe, wanisikia?"

Daktari Kabibi, akimwita kwa jina lake la kijasusi. Mwaka jana, 1985, Mahdi, jasusi wa serikali, alimposa, akakataliwa kwa adabu. Sasa Kabibi kutwa yuko maabara na Laban, kijana wa bara, wakichekeana juu ya vichupa. Wivu ulimtafuna Mahdi hata chakula hakikupita.

"Nakusikia, Daktari. Hivyo vichupa vilivyoibwa vina nini hasa?"

"Seramu, yaani maji ya damu ya Bi Hindu, yule aliyetoka malengelenge mwili mzima. Kinga ya mwili wake ilikuwa ikiishambulia protini inayoshikanisha ngozi. Protini hiyo hakuna aliyeitambua ila sisi, na bila seramu hatuna ushahidi. Na Bi Hindu tumemzika Ijumaa."

"Ikipata joto?"

"Ndiyo basi tena."

Alipofika Gede alimpita Laban, akamziba njia. Bastola ya Walther PPK mkononi.

"Fungua buti!"

"Kwani nimefanya nini, bwana? Hata mimi namfuata Profesa Brandt! Ametoka maabara asubuhi mapema, anaenda uwanja wa ndege!"

Butini mlikuwa na leso mpya, basi. Mahdi akaisoma jina lililochapwa juu yake: HASIDI HANA SABABU.

Uso ulimwaka. Dakika nne zimepotea kwa wivu wake.

"Ni ya Kabibi," Laban alisema. "Nilipenda rangi."

Mahdi alishapanda pikipiki.

Uwanjani Malindi, Profesa Brandt, mgeni wa maabara, alikuwa akipakia kasha la samaki kwenye Cessna. Injini inanguruma. Askari wa forodha alishalipekua: changu na barafu tu.

Mahdi akachungulia. Juu ya barafu pametapakaa chumvi ya mawe ya Gongoni.

Akacheka. Kwao ni Pate, na baba yake alikuwa mvuvi.

"Profesa, samaki kwetu hutiwa barafu au hutiwa chumvi. Hivi vyote viwili vya nini?"

Alitia mkono. Baridi ikamng'ata. Chumvi ilikuwa imeizidishia barafu makali, na chini ya changu vilikuwapo vichupa sita, vimeganda.

Brandt akachomoa Beretta.

Kitako cha Walther kilimpata kwenye kifundo cha mkono. Beretta ikaanguka.

"Miaka tisa naitafuta protini hiyo!" Brandt alilia. "Yeye Kabibi, miezi tisa!"

Mahdi alimtia pingu bila kumtukana, akamwachia askari. Maumivu hayo aliyajua.

Laban alifika akihema. Mahdi akampa kasha.

"Mpelekee Daktari, upesi. Na leso hiyo usimpe, atadhani wamsema. Huku leso hununuliwa jina, si rangi."

"Sasa nitaifanyia nini?"

"Nipe mimi. Yanifaa."

Akaifunga shingoni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia ya mjini.